Fidla Ikiibwa na Bima Ikalipa, Ikipatikana Ni ya Nani?

Usiku wa Februari 28, 1936, Bronisław Huberman alipanda jukwaani Carnegie Hall, New York, akiwa na fidla moja kati ya mbili alizokuja nazo. Aliyoishika ilikuwa ya Guarneri. Ya pili, Stradivari ya mwaka 1713, aliiacha katika chumba cha wasanii ndani ya kasha lake la fidla mbili. Huberman alikuwa Myahudi wa Poland, jina kubwa katika muziki wa Ulaya, na miaka ile alikuwa akizunguka kuchangisha fedha za kuanzisha orkestra huko Palestina, ili wanamuziki wa Kiyahudi waliofukuzwa kazi na utawala wa Hitler wapate pa kwenda. Wakati ukumbi unamsikiliza, mtu aliingia chumbani kule nyuma, akaichukua Stradivari na kwenda zake.

Fidla hiyo ilikuwa imewahi kuibwa. Mwaka 1919 ilichukuliwa katika hoteli moja mjini Vienna, ikapatikana siku chache baadaye mwizi alipojaribu kuiuza. Safari hii siku chache zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Orkestra aliyoihangaikia ilipiga onyesho lake la kwanza Desemba mwaka huohuo chini ya Arturo Toscanini. Vita Kuu ya Pili ikaja na kwisha. Mwaka 1947 Huberman akafariki dunia nchini Uswisi bila kuiona tena fidla yake.

Lakini alikuwa ameikatia bima. Lloyd's ya London ilimlipa dola 30,000, fedha nyingi kwa wakati ule, na madai yakafungwa. Kwa malipo hayo likatokea jambo jingine: fidla ikabadilisha mwenyewe. Popote ilipokuwa, kabatini mwa mtu au chini ya kitanda, haikuwa tena ya Huberman. Ilikuwa mali ya Lloyd's.

Huko kuhama kwa umiliki ndiko kiini cha bima ya ala za muziki, na ndiko wanamuziki wengi hukusahau hadi siku chombo kinapopatikana.

Biashara ya bima ilianzia baharini. Miongoni mwa mikataba ya zamani kabisa inayojulikana ni wa Genoa, Italia, wa mwaka 1347, na ulihusu safari ya meli. Lloyd's nayo ilikuwa mkahawa. Edward Lloyd aliufungua London katika miaka ya 1680, wenye meli na mabaharia wakawa wanafika kunywa kahawa na kuulizana habari za vyombo vilivyoko baharini. Matajiri waliokuwa tayari kubeba hatari ya safari kwa malipo waliandika majina yao chini ya karatasi ya mkataba, kila mmoja na kiasi chake. Bima ya moto ikafuata, baada ya London kuteketea mwaka 1666 na watu kutambua kwamba nyumba nayo inaweza kuzama ikiwa nchi kavu.

Edward Lloyd alifariki mwaka 1713, mwaka uleule Antonio Stradivari alipokuwa Cremona, Italia, akiichonga fidla itakayokuja kuibwa Carnegie Hall. Wakati huo kumkatia mtu bima ya fidla dhidi ya wezi lilikuwa jambo lisilofikirika. Wezi walihesabiwa kuwa balaa ya mwenye nyumba mwenyewe. Afunge milango yake vizuri.

Aliyelibadili hilo ni Cuthbert Heath, kijana mwenye uziwi aliyeingia Lloyd's mwishoni mwa karne ya 19, wakati wenzake walikuwa hawajui kingine ila meli na mizigo yake. Heath alianza kupokea hatari za nchi kavu. Mwaka 1887 akawakatia wauza vito mkataba wa kufidia mali zao dhidi ya karibu kila hatari, dukani na njiani. Mwaka 1889 mteja aliyetaka bima ya moto alimuuliza kama wizi wa kuvunja nyumba nao ungeweza kuingizwa, Heath akaona hakuna sababu ya kukataa. Huyu ndiye aliyeagiza, baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, wateja wake walipwe kikamilifu bila kubishania maneno ya mikataba. Kampuni za bima hupenda kukikumbusha kisa hicho, na zina haki ya kujivunia, ingawa sina hakika kama zote zingefanya vivyo hivyo leo.

Mkataba wa aina ya Heath, unaofidia hatari zote isipokuwa zile zilizotajwa kuwa haziingii, ulimfaa mtu mwenye mali ndogo kwa umbo, kubwa kwa bei, na isiyokaa mahali pamoja. Mwenye vito ni mmoja wao. Mpiga fidla ni mwingine. Ila palikuwa na sharti moja: kitu kisichojulikana bei hakikatiwi bima. Kwa fidla za Cremona kazi hiyo ilifanywa na madalali wakubwa wa London, Paris na Berlin. Duka la W. E. Hill & Sons la London lilikuwa likitoa hati za kuthibitisha nani alichonga chombo gani, na mwaka 1902 familia ya Hill ilichapisha kitabu kizima juu ya maisha na kazi za Stradivari. Hati ya dalali ikawa msingi wa hati ya bima, na bado ndivyo ilivyo.

Hapo pana udhaifu. Anayekadiria thamani mara nyingi ndiye anayeuza. Mwaka 2012 mahakama ya Vienna ilimfunga miaka sita dalali maarufu wa fidla, Dietmar Machold, kwa ulaghai. Miongoni mwa mambo yaliyobainika ni kwamba aliweka rehani benki fidla alizodai kuwa za Stradivari ambazo hazikuwa. Wataalamu siku hizi huhesabu miviringo ya ukuaji kwenye mbao, na mti uliokuwa bado msituni Stradivari alipofariki mwaka 1737 hauwezi kuwa fidla ya Stradivari.

Turudi kwa ya Huberman. Kwa karibu nusu karne ilikuwa ikipigwa hadharani. Julian Altman, mpiga fidla aliyekuwa kijana wa kupiga muziki mkahawani jirani na Carnegie Hall mwaka 1936, aliishi nayo maisha yake yote. Aliipaka rangi ya viatu kuficha vanishi yake, akaitumia kwenye mikahawa, kwenye sherehe, hata katika orkestra ya Washington ambako aliwahi kuajiriwa. Mwaka 1985, akiwa gerezani Connecticut na karibu kufa kwa saratani, alimwambia mkewe aichunguze ile fidla. Ndani ya kifuniko cha kasha mama yule alikuta vipande vya magazeti vyenye habari za wizi wa 1936. Je, Altman aliiiba mwenyewe, au aliinunua kwa dola 100 kutoka kwa aliyeiiba? Masimulizi yote mawili yametolewa.

Mjane aliirudisha mwaka 1987. Hakuipeleka kwa ukoo wa Huberman. Aliipeleka kwa Lloyd's, iliyomlipa zawadi ya dola 263,475 kwa kuipata. Mafundi wa J. & A. Beare wa London waliisafisha kwa miezi kuiondoa ile rangi. Mwaka 1988 Lloyd's ikamuuzia Norbert Brainin, kiongozi wa Amadeus Quartet, kwa dola milioni 1.2. Mwaka 2001 Joshua Bell wa Marekani aliinunua kwa karibu dola milioni 4, na ndiyo anayoipiga hadi leo.

Msomaji anaweza kukunja uso. Lloyd's ilitoa 30,000, ikapokea 1,200,000! Kwa jicho la mkataba hakuna kosa. Bima ipo kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haipo kumtajirisha. Aliyelipwa thamani yote ya kitu hawezi kubaki na fedha na kitu pia. Na kumbuka kwamba kwa miaka 51 Lloyd's ilikuwa imeshika karatasi tupu. Fidla nyingine za namna hiyo ziliungua au zilizama na wenyewe. Mwaka 1953 ndege iliyombeba Jacques Thibaud, mpiga fidla mkubwa wa Ufaransa, iligonga mlima katika milima ya Alps, Stradivari yake ikateketea pamoja naye. Hapo aliyelipa fidia hana cha kurudishiwa.

Kinachouma ni pale mwanamuziki yuko hai.

Mpiga fidla Roman Totenberg alibahatika nusu. Stradivari yake ya mwaka 1734 aliinunua mwaka 1943 kwa dola 15,000, akaipiga kwa miaka 37. Mei 1980, baada ya onyesho katika shule ya muziki ya Longy huko Cambridge, Massachusetts, ikatoweka ofisini. Bima ilimlipa dola 101,000, akanunua fidla nyingine. Alikuwa akimshuku kijana mmoja mpiga fidla, lakini polisi hawakupata ushahidi wa kutosha kumpekua. Kijana huyo alifariki mwaka 2011. Totenberg akafariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 101. Mwaka 2015 aliyekuwa mke wa kijana yule alifungua kasha aliloachiwa, akampelekea mkadiriaji fidla iliyokuwamo aseme ina thamani gani, na mkadiriaji akaitambua papo hapo. Mabinti watatu wa Totenberg waliirudishia kampuni ya bima zile dola 101,000, fidla ikawa mali ya familia tena. Baadaye waliiuza, kwa matumaini kwamba itapigwa badala ya kufungiwa.

Min-Jin Kym hakupata nafasi hiyo. Alizaliwa Korea Kusini, akakulia London, na alipokuwa na miaka 21 alinunua Stradivari ya mwaka 1696 kwa pauni 450,000. Novemba 2010, katika mgahawa ulio ndani ya stesheni ya treni ya Euston, wezi waliokuwa wakitafuta chochote cha kubeba waliondoka na kasha lake. Hawakujua walichokamata. Walijaribu kuiuza kwa pauni 100 kwa mtu waliyemkuta kwenye duka la intaneti, akakataa. Binti yake tayari alikuwa na filimbi ya kujifunzia. Thamani ya fidla ilitajwa kuwa pauni milioni 1.2, lakini bima yake ilikuwa ya pauni 750,000. Kym alilipwa, akanunua fidla nyingine, kwa kuwa mpiga fidla asiye na fidla hana kazi. Julai 2013 polisi wakaipata ile ya kwanza, karibu bila mkwaruzo. Kisheria ilikuwa ya waliomlipa. Fedha alizolipwa zilikuwa zimekwishaingia kwenye fidla ya pili, na hakuweza kuikomboa. Desemba mwaka huo ilipigwa mnada kwa pauni milioni 1.385. Kym ameandika kitabu juu ya miaka ile, na anayekisoma haoni chuki kwa kampuni. Anaona mtu aliyepoteza kitu kilekile mara mbili, mara ya pili kwa sahihi yake mwenyewe.

Hapo ndipo maneno "thamani iliyokubaliwa" yanapopata uzito. Mikataba mizuri ya ala za muziki huandika kiasi ambacho pande zote mbili zimekikubali tangu mwanzo, ili siku ya msiba pasiwe na ubishi juu ya bei ya soko. Lakini kiasi hicho hakijisogezi chenyewe. Bei ya Stradivari ilipaa kwa kasi ambayo wapigaji wengi hawakuimudu kwa ada za bima. Mwaka 2011 moja iitwayo Lady Blunt iliuzwa kwa dola milioni 15.9, fedha zikaenda kwa waathirika wa tetemeko na tsunami ya Japani. Mwanamuziki anayepunguza kiasi cha bima ili kupunguza ada ananunua usingizi wa nusu usiku.

Wizi, hata hivyo, ndio unaosimuliwa tu. Hasara za kila siku ni za kudondosha, kusahau na kusafirisha. Oktoba 1999 mpiga sello Yo-Yo Ma alishuka kwenye teksi New York akaiacha kwenye buti sello yake ya mwaka 1733, yenye thamani ya dola milioni 2.5. Alikuwa na risiti, teksi ikatafutwa, na jioni hiyo akapiga onyesho kwa sello hiyohiyo. Mwaka 2004 sello ya Stradivari ya orkestra ya Los Angeles iliachwa usiku barazani mwa nyumba ya mpigaji, ikaibwa. Muuguzi mmoja akaiokota kando ya pipa la taka, na akamuuliza rafiki yake seremala kama anaweza kuigeuza kabati la kuwekea CD. Kwa bahati seremala alikawia. Na Januari 2020 wabebaji wa mizigo mjini Berlin waliangusha piano ya Fazioli ya mpiga piano Angela Hewitt mara baada ya yeye kumaliza kurekodi. Fremu yake ya chuma ilivunjika, na Paolo Fazioli mwenyewe, aliyeitengeneza, akasema haifai kukarabatiwa.

Hasara za namna hii ndizo zilizoandika masharti ya mikataba tunayoiona leo. Chombo kilichoachwa ndani ya gari lisilo na mtu hakifidiwi, au kinafidiwa kwa masharti makali. Nyuzi za gitaa, ngozi za ngoma na matete ya klarineti hayaingii, maana hayo kazi yake ni kuchakaa. Wadudu, kutu na mbao kupasuka kwa mabadiliko ya hewa mara nyingi hayamo, jambo la kuwatahadharisha wapigaji wa pwani ya kwetu, ambako unyevu hauombi ruhusa. Kwa upande mwingine, mikataba ya wataalamu hufidia kitu ambacho bima ya kawaida ya nyumba haikifikirii: kushuka kwa bei baada ya ukarabati. Fidla iliyopasuka mgongo, hata ikirudia sauti yake, haiuziki tena kwa bei ya zamani.

Ndege ndiyo uwanja mbaya zaidi. Mwaka 2008 Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, alifika mwisho wa safari yake na United Airlines akakuta gitaa lake la Taylor la dola 3,500 limevunjika. Shirika lilikataa kumlipa kwa hoja kwamba hakutoa taarifa ndani ya saa 24. Mwaka uliofuata akaliimbia wimbo, dunia ikautazama mtandaoni, na shirika likaaibika kuliko gharama ya magitaa elfu. Wengi wetu hatuna wimbo wa namna hiyo. Tuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu pia Kenya na Tanzania, unaoweka ukomo wa fidia ya mizigo ya abiria katika safari za kimataifa. Tangu mwisho wa 2024 ukomo huo ni vipimo 1,519 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000. Anayesafiri na saksafoni ya dola 6,000 bila bima yake mwenyewe, wala kutangaza thamani na kulipia ziada, amekubali kupoteza theluthi mbili kabla ndege haijapaa.

Hapa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya dansi lililoshamiri, mpigaji hakuwa na chombo cha kukatia bima. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa taasisi ya umma. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi na usafirishaji, kisha ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Magitaa, spika na saksafoni vilikuwa mali ya ofisi kama vile meza na magari. Msanii akihama bendi, alihama na sauti yake na vidole vyake tu. Ndiyo maana tangazo kwamba bendi fulani imeletewa vyombo vipya lilitosha kuwahamisha wapigaji mji mzima.

Na mojawapo ya bendi hizo ilikuwa ya kampuni ya bima yenyewe. Orchestra Bima Lee, ya mtindo wa Magnet Tingisha, ilimilikiwa na Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963 na ambalo kuanzia 1967 hadi sheria ya bima ya 1996 lilikuwa peke yake katika soko la nchi. Shaaban Dede aliimba humo. Kwa wapigaji wa Bima Lee, mwajiri, mwenye gitaa na mkatia bima walikuwa nyumba moja. Hata hivyo bima isingemfaa sana mwenye bendi yeyote wa miaka ile: fidia ingelipwa kwa shilingi, na spika zilitoka ng'ambo kwa fedha za kigeni zilizokuwa adimu kuliko wapiga solo.

Leo vijana wengi wanamiliki vyombo vyao: kinanda, kompyuta ya studio, gitaa lililonunuliwa kwa akiba ya harusi kumi. Wengi wanadhani bima ni ya gari na hospitali. Si lazima kiwe chombo cha Cremona. Piga picha ya chombo chako pande zote na uiandike namba yake, tunza risiti. Kama una bima ya nyumba, uliza kama chombo kimetajwa kwa jina, na kama kinalindwa kikiwa ukumbini, ndani ya daladala au kwenye gari lililoegeshwa. Muulize wakala thamani iliyoandikwa ni ya mwaka gani. Kisha uliza swali ambalo kisa cha Kym kinatukumbusha: chombo kikipatikana baada ya kulipwa, nina haki ya kukinunua tena, na kwa bei gani? Baadhi ya mikataba ya siku hizi inacho kipengele hicho. Kama wako hauna, omba kiingizwe kwa maandishi kabla hujatia sahihi.